Kabla Hawajafyeka Kando ya Mto

Na lile la pete nimelifikiria tangu mchana, Chelang'at, na sijakasirika. Ulilisema ukisugua sufuria, bila kunitazama: "Mama, umeuza kichaka kwa pete." Kisha ukajifuta mikono ukaenda kumuaga nyanya yako, na sasa mvua imekuzuia huko, na mimi niko mezani nasikiliza mabati. Jibu langu ni refu. Ndiyo maana naandika. Nitaiweka barua katikati ya nguo zako uikute Eldoret, kwa sababu nikikupa mkononi utaisoma mbele yangu na uso umefungwa, na mimi nitaanza kulia, halafu basi, asubuhi yote itaharibika.

Sitakuambia habari za sweta wala chakula. Wewe ni mtu mzima, umemaliza chuo, na maabara imekuchukua kwa sababu unajua kazi. Nataka tu kuongea nawe kama tulivyokuwa tukiongea zamani, kabla nyumba haijaanza kuwa na ukimya huu.

Kwanza nikubali jambo ambalo wewe unalijua na linakuudhi: nina furaha. Chela, nina furaha mpaka naona haya. Mama wa umri wangu, niliyeishia kidato cha nne nikaingia shambani, naamka asubuhi natabasamu ukutani peke yangu. Mogaka akiwa kwenye karakana yake sokoni Ndanai, analehemu mkebe wa maziwa wa mtu, mimi huku nawaza mikono yake. Akirudi ananiita "bibi arusi" mbele ya watu, na sauti yake mbovu ya kuimba nyimbo za kanisa naisikia tangu kwenye daraja, na moyo unaruka kama ndama aliyefunguliwa. Sikujua kama kitu hiki kinaweza kumpata mtu mara ya pili. Mara ya kwanza hata sikukijua kilipokuwa ndani ya nyumba yangu. Hilo nitakuambia.

Lakini furaha hii imekaa katika nyumba yenye huzuni, na huzuni ni wewe, na ni kile kichaka cha kando ya mto, chini ya nyumba. Nikicheka na Mogaka jikoni nakusikia chumbani ukifunga sanduku lako la nondo, wale vipepeo wako wa usiku, na kicheko kinanikauka.

Unakumbuka shuka? Lile jeupe la harusi yangu ya kwanza. Ulilitundika kwenye kamba nyuma ya jikoni, ukaweka taa mbele yake, ukaniambia nikae kwenye kigoda nisubiri. Nilidhani unanichezea. Giza lilipoingia nondo wakaanza kuja, wakubwa kama viganja, wa kahawia, wa kijani, mimi nikapiga kelele kwa kila mmoja. Wewe hukujali wakubwa. Ulikuwa umeinama kwenye pindo la chini unatazama kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

"Mama, usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Utampeperusha. Tazama anavyokaa."

Nikatazama na kile kioo chako cha kukuzia. Amekaa kifua juu, makalio chini, miguu ya mbele imenyooka, kama mzee aliyefika kikaoni mapema anangoja wengine. Mabawa yake rangi ya shaba, na mstari wa njano ubavuni kama umechorwa na unywele. Nikasema, "Huyu ni mrembo kuliko mimi siku ya harusi." Ukacheka. Siku hizo ulikuwa unacheka.

Baadaye ukanifundisha, na nikakuuliza maswali ya kijinga na hukuchoka. Kwamba jenasi ni kama ukoo, na spishi ni kama nyumba moja ndani ya ukoo. Kwamba ukoo wa huyu uliujua kwa namna anavyokaa, na kwa vile vipapasio viwili vinavyopinda juu mbele ya uso, na kwa mishipa ya bawa. Na kwamba viwavi wa ukoo wote wana tabia moja: kiwavi akianza maisha anachimba ndani ya jani, katikati ya ngozi yake ya juu na ya chini, halafu akikua anatoka na kulikunja jani ajifiche humo akila. Lakini nyumba yake hukuijua. Ulisema bawa linadanganya. Wawili wanaweza kufanana kama mapacha na wasiwe kitu kimoja, na wawili wasiofanana kabisa wakawa mume na mke. Mpaka uchukue tumbo, ulichemshe katika dawa, uangalie kwa hadubini viungo vile ambavyo dume hushikia jike.

"Yaani unaangalia huko?" nikasema.

"Ndiyo, Mama. Ndiko jina liliko."

"Na mchungaji akikuuliza kanisani unasoma nini, utasema nini?"

Tulicheka mpaka ng'ombe akalia zizini.

Mwalimu wako wa chuo akaangalia, akakuandikia kwamba huyu hamjui, kwamba huenda hana jina bado, lakini hawezi kusema mpaka apatikane kiwavi, na ijulikane anakula mti gani, na alelewe mpaka atoke nondo, na huyo nondo alinganishwe na wale wa kwenye shuka. Ukaniomba kitu kimoja tu. "Mama, usimwambie mtu bado." Nikaapa.

Kisha siku ya kikao cha posa, ndugu za Mogaka walipokuja kutoka Kisii, nimevaa kile kitenge kipya, kichwa kimejaa maji ya furaha, nikafungua mdomo. Ulikuwepo, umeshika birika, kwa hiyo sikuelezi habari mpya. Naandika kwa sababu naisikia kila siku nikichuma chai, na nataka ujue kwamba naisikia.

Yule mjomba wake Mogaka aliuliza kwa upole tu, "Na huyu msichana atafanya kazi gani huko Eldoret?" Ungeweza kujibu mwenyewe. Nikakuwahi.

"Anasoma nondo! Amepata mmoja hapa nyuma ya jikoni, hata walimu hawamjui jina. Ukoo wameujua, ni jamaa wa wale wanaokunja majani ya chai!"

Baba mdogo wako Kiprono akaweka kikombe chini. "Wanaokunja nini?"

"Wale wa chai wako Asia, Baba mdogo," ukasema haraka. "Huyu ni spishi nyingine."

"Ukoo ni mmoja?"

"Jenasi ni moja, ndiyo, lakini..."

"Asia ama Ndanai, ukoo ni ukoo. Mimi nina chai kutoka hapa mpaka barabarani, kwani mnanifugia wezi wake kando ya mto?"

Wazee wakacheka. Mjomba wa Mogaka naye akasema, "Hata sisi mkituona mnasema hivyo hivyo, Kisii ni Kisii, na leo mnatupa mke." Wakacheka zaidi. Wewe tu hukucheka, uliweka birika chini bila kumalizia vikombe, na mimi niliona nikageuza uso kwa sababu Mogaka alikuwa ananiangalia na nilitaka kuangaliwa.

Angekuwa mtu wa mahali pengine, neno hilo lingepita. Nani kwingine angeogopa mdudu kwa sababu ya ndugu yake wa Asia? Lakini sisi hapa, mtu akitajwa, swali la kwanza ni ukoo gani, na tukishajua ukoo tunaona tumemjua. Mimi nimekulia hapa. Nilijua wale wanaume watasikiaje. Ningesema tu "anasoma wadudu," tungeendelea kunywa chai.

Na kuhusu pete, sikuuza, Chela, lakini najua ulichomaanisha. Ardhi ile ni ya babu yako, nami niliilima kama mjane wa mtoto wake. Mjane akiolewa kwingine, inarudi kwa ukoo wa marehemu. Wazee wamekuachia nyumba hii na mahali pa ng'ombe, hilo nilililia mpaka likakubaliwa. Kando ya mto kumekwenda kwa Baba mdogo wako. Nilijua kutakwenda nilipomkubali Mogaka. Nilijua na nikasema ndiyo, na ningesema ndiyo tena, na hapo ndipo penye uchungu. Nililipia furaha yangu kwa kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu. Sina neno zuri la kufunika hilo.

Miche yake ya chai iko tayari, umeiona, imepangwa kwenye vile vifuko vyeusi kandokando ya mpaka. Kila nikipita naiona imekua kidogo.

Nataka nikuambie habari ya baba yako sasa. Sijawahi kukuambia hii.

Tulipooana, tulikuwa tunaenda kuchuma asubuhi na mapema, umande bado mzito. Unajua umande wa chai, unakulowesha mpaka kiunoni na baridi inaingia kwenye mifupa. Baba yako alikuwa ananitangulia siku zote. Anapita katikati ya mistari kwa haraka, anapiga vichaka huku na huku na fimbo, haniangalii nyuma, haniongeleshi. Mimi nafuata na kikapu changu nimenuna. Nikajiambia, huyu mwanamume ana kiburi, anaona haya kutembea na mimi. Nikampa jina hilo moyoni, mtu baridi, na nikaishi naye nikiwa nimelishika. Alipokuwa kimya mezani, nikasema ni ubaridi. Alipokuwa amechoka, nikasema ni ubaridi. Nami nikawa baridi kwake, ili tulingane.

Alipokufa, wiki ile niliyorudi shambani, nilitangulia mwenyewe kwa sababu hakukuwa na wa kutangulia. Nilipofika mwisho wa mstari wa kwanza sketi yangu ilikuwa inadondosha maji. Nikasimama. Katika miaka yote ile nilikuwa sijawahi kulowa, Chela. Alikuwa ananipigia umande.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Sikulia hata, nilikuwa nimeishiwa. Wenzangu walidhani ni msiba tu, wakaniinua.

Kwa hiyo Mogaka anaponipashia maji ya miguu mimi namwambia asante kwa sauti, naimba, najipamba, nasema mpaka unaniona kama msichana mjinga. Ni kwa sababu hiyo. Mara ya kwanza nilimpa mtu jina kwa kuangalia bawa. Sitaki kukuhubiria, wewe ndiye uliyenifundisha kuhusu bawa. Nakuomba tu, kwa ajili ya Mogaka, na hata kwa ajili yangu, uweke jina pembeni kwa muda. Unamwita "huyo mzee wako." Sawa. Mwite hivyo. Lakini usimpige pini bado, kama wale nondo wa sandukuni.

Hajui kwamba ulisema hutarudi nyumbani Krismasi. Sijamwambia. Amekutengenezea kisanduku cha bati cha kubebea vile vichupa vyako, amekiwekea sponji ndani, na anaogopa kukupa. Kiko juu ya kabati. Ukikitaka nitumie neno, usipokitaka kitakaa hapo, sitauliza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baba mdogo wako alisema neno moja mbele ya wazee, na ingawa alikuwa anacheka, alilisema na wote wakasikia. Alisema, "Huyo msichana akinionyesha kwa macho yangu kwamba mdudu wake anakula mti wa porini na si chai, nitaacha ule ukingo wa mto. Nampa mpaka mwisho wa mwezi, mvua ikishika napanda." Wewe ulitoka nje. Baadaye ulisema kazini ni lazima ufike kesho, na kiwavi hujampata kwa msimu mzima, sasa atapatikana vipi na mtu hayupo. Ulisema imekwisha.

Umetazama kila mti pale, najua. Tebeswet, mizambarau ya mwitu, hata ile miiba. Nilikuona ukirudi na magoti yamechanika.

Leo uliponiacha na lile neno la pete, nilishindwa kukaa ndani. Nikachukua gunia nikajifunika kichwa nikashuka mtoni. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu niwe mahali ambapo nimekunyang'anya. Maji ni mengi, ya kahawia, yanavuma. Nikaenda mpaka kule chini kwenye senetwet, ile tunayochoma mkaa wa kusafishia vibuyu vya maziwa. Hukutafuta pale sana, ulisema imekatwakatwa na wanawake kila mwaka. Ni kweli, mimi mmoja wao. Lakini mti ukikatwa unachipua, na mimi kazi yangu maishani ni kuangalia machipukizi, macho yanaenda yenyewe.

Kuna jani moja limekunjwa. Dogo. Limeviringwa kutoka kwenye ncha kama ile pembe ya karatasi wanayofungia njugu sokoni. Limeshonwa kwa uzi mweupe ambao huuoni mpaka uligeuze. Nikalifungua kidogo kwa kucha. Ndani kuna chembechembe nyeusi, uchafu wa kitu kilichokuwa kinakula. Na tundu dogo upande mmoja. Mwenyewe ameshatoka.

Nilisimama kwenye mvua, moyo unapiga kama siku Mogaka aliponiuliza. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukimbia mpaka kwa nyanya yako, kwa Baba mdogo wako, kwa Mogaka, kwa mchungaji. Na nikafunga mdomo. Kwa sababu ulishaniambia kwamba hata buibui hukunja majani, na viwavi wengine wa ukoo mwingine kabisa, na jani tupu haliwezi kusema lilikuwa la nani. Kwa hiyo simwiti kitu. Nimelikuta jani la senetwet limekunjwa, basi. Nimefunga uzi mwekundu wa sweta kwenye tawi lile nipajue. Mogaka amerudi amenikuta nimelowa, ameniuliza, nimesema nilikuwa mtoni. Unanijua, Chela. Ujue jinsi ilivyo ngumu kwangu kunyamaza, hata kwa mume mpya.

Sikuandikii ili nikupe matumaini mengi. Inawezekana ni buibui. Inawezekana ni huyo wako na sitampata mwingine, maana mvua hii inaangusha majani, na juzi mvua ya mawe ilipasua hata chai. Inawezekana nikampata, nikakuletea, akatoka nondo, ukaangalia tumbo lake ukakuta ni mwingine. Na hata akiwa yeye, Baba mdogo wako anaweza kucheka tena aseme alikuwa anatania. Halafu wewe utaandika kile kikaratasi kidogo cha chini ya pini, jina la Ndanai, kando ya mto, kwenye senetwet, na mahali hapo pakawa mistari ya chai kama kila mahali. Nimeliwaza hilo lote. Nadhani wewe umeliwaza kabla yangu, ndiyo maana umekuwa kimya.

Lakini nitatafuta. Kila siku nikitoka kupeleka majani kituoni nitapita mtoni, niangalie chipukizi moja moja, mpaka siku watakayokuja na mapanga. Nikipata jani lililokunjwa ambalo halina tundu sitalifungua. Nitakata tawi, nitaliweka kwenye chupa ya maji kama ulivyokuwa ukifanya, nitafunga mdomo wa chupa kwa pamba asizame. Nimekuona ukifanya, usiogope, mikono yangu ni myepesi. Halafu chupa sitampa dereva wala mtu wa kupeleka mizigo. Wangemweka chini ya magunia.

Mvua imepungua, nasikia mbwa wa nyanya yako, huenda umeshatoka. Naacha hapa kabla hujafika.

Nitakuja mwenyewe, Chela, kabla mwezi huu haujaisha. Mogaka atabaki na ng'ombe. Nikiwa na tawi nitakuja na tawi. Nisipopata kitu, nitakuja vilevile, mikono mitupu, nisimame hapo mlangoni kwako, na wewe utaamua kama utanifungulia.

Mama yako